Macho Mekundu, Pete ya Makaa

Usiniambie hata kwa mzaha kama macho yangu iko mekundu. Nitakujibu vibaya, na usiseme sikukuonya.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mekanisien, fundi wa mashine, wa laiterie moja, kiwanda cha maziwa, huko Masisi, juu ya njia ya Kitshanga. Wachungaji walileta maziwa asubuhi, sisi tukafanya siagi, mashine ya baridi ikaipoza. Mashine ile ilizungusha gazi ya amonia, na amonia inanuka sawasawa na mukojo wa ng'ombe. Tena zizi la patron, muzungu mwenye kazi, lilikuwa nyuma ya ukuta! Basi kila muntu akinusa alisema, "Ng'ombe hao," akapita.

Mutia-mafuta wa mashine alikuwa papa mumoja, muzee wa Ngungu, Muprotestanti. Yeye njo alinifundisha kushika ufunguo wa kukaza nati. Tangu abatizwe hakuonja kasiksi hata ku arusi ya binti yake. Pombe ya ndizi ilipita mbele ya pua yake, yeye akaomba maji. Nilipotumwa Walikale kutengeneza pampu ya mugodi, nilimuacha kazini. Niliporudi kisha miezi mitatu, nikakuta amefukuzwa. Patron alimukuta asubuhi mara tatu macho mekundu, machozi yanamutiririka, akaandika katika buku ya kazi ya Papa, ile kila patron anasoma kwanza: mulevi. Wazee wa kanisa waliposikia kama imeandikwa, wakamuondoa kwenye meza ya Bwana. Muntu wa mvi, wanamuweka benchi ya nyuma!

"Mutoto wangu, sikunywa," aliniambia.

"Najua, Papa."

Nikaenda kwa patron, nikamwambia gazi inatoroka. Akacheka. Alisema amepima mwenyewe na kijiti cha salfa. Unakiwasha, unakipitisha karibu na mashine, na pale amonia inapotoka moshi unakuwa mweupe, muzito. Yeye hakuona moshi. Nikamuuliza alipima saa gani. Mashine ikizunguka, bila shaka! Mayi wee! Ikizunguka, inavuta gazi ndani. Ikisimama njo gazi inapata nguvu na kutafuta pa kutokea. Na mashine ilisimama kila siku kisha maziwa ya jioni, chumba kikafungwa. Asubuhi nani alikuwa wa kwanza kufungua ule mulango? Papa.

Jioni ile mashine iliposimama, nikangoja kidogo, nikawasha salfa. Pale chuma kinachozunguka kinapotoka nje kwenda ku gurudumu la mukanda, moshi ukawa mweupe kama pamba. Nikamuita patron aje aone kwa macho yake.

"Kaza," akasema.

Kukaza nini? Pale hakuna kamba ya kuzibia ambayo unaweza kukaza. Kuna pete mbili zinasuguana uso kwa uso, moja ya chuma, moja nyeusi ya makaa, mafuta kidogo katikati. Ukikaza bila akili, unaivunja ile ya makaa. Nikafunga gazi, nikafungua mahali pale, nikatoa pete ya makaa. Ilikuwa imeliwa upande mumoja tu. Kikulacho kiko nguoni mwako! Nikauliza wafanyakazi nini kilifanyika nilipokuwa Walikale. Wakanijibu polepole: mukanda ulikuwa unateleza, patron akaamuru uvutwe mpaka ukawa mugumu kama ubao, akasimama pale pale kuangalia kama wanatii. Mukanda ukivutwa vile, unavuta chuma upande, na chuma kinakula pete.

Nilimwambia yote, kofia mukononi. Akawa mwekundu uso muzima, na yeye hakuna aliyemuandika mulevi. Akasema nilegeze mukanda, nirudishe pete ile mbovu, mpya ataiagiza Ulaya.

"Na buku ya Papa?"

"Niliyoandika nimeandika."

Pilato njo alisema vile! Na tunajua alikuwa amemuhukumu nani.

Jumapili ile mashine ilikuwa imesimama tangu Jumamosi, chumba kimefungwa, patron ameshuka Goma. Kisha ibada niliwaomba wazee watatu wa kanisa, wale wale waliomutoa Papa mezani, wapite kazini kwangu. Wakaja na makoti yao. Nikafungua mulango, nikawaambia waingie waimbe wimbo mumoja tu, beti zote.

Hawakumaliza ubeti wa pili. Walitoka wanakohoa, wanajipangusa kwa mikono ya makoti, macho kama pilipili. Papa alikuwa amesimama pale nje, buku mukononi.

"Wazee," nikasema, na sikupunguza sauti, "asubuhi yote mulikuwa kanisani. Hiyo pombe mulikunywa wapi?"

Mukubwa wao alienda akamushika Papa mikono yote miwili, akalia. Kama ilikuwa gazi ao haya, sijui, na sikutaka kujua. Meza ya Bwana iliyofuata Papa alikaa benchi ya mbele.

Lakini buku ilibaki buku. Alipita kila plantation, mashamba makubwa ya wazungu, kila mahali wakafungua, wakasoma lile neno moja, wakamurudishia. Munyonge hana haki. Alirudi Ngungu kulima maharagi, mikono ile iliyojua kila sauti ya mashine.

Pete mpya ilipofika, niliiweka mwenyewe. Nikapima na salfa mashine ikisimama: hakuna moshi. Asubuhi iliyofuata mutia-mafuta mupya, aliyeandikwa kazi wiki ile, alitoka ndani ya chumba, macho meupe kama maziwa. Patron akamupigapiga bega, akanigeukia mimi na furaha yote.

"Unaona?" akasema. "Huyu yeye hanywi."