Nilivyojifunza Kuchimba Shimo Dogo

Kaka yangu alipochoka kutafuta dhahabu, alirudi Lodwar amekonda, akaniachia mashine yake ya kupima chuma ardhini, akaenda zake Kalokol kununua samaki. Hakunifundisha kitu. Aliniambia tu kwamba ikilia, nichimbe.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Kakuma na cherehani yangu, nimekodi chumba karibu na laga, ule mto wa mchanga unaopita maji mvua inaponyesha tu. Nikishafunga kazi, nilishuka mchangani na kuanza kupitisha ile sahani ya duara iliyo mwishoni mwa mpini. Ililia kila mahali, nami nikachimba kila mahali. Siku ya tatu nilichimba shimo la kufika magotini, na nilichotoa ni kizibo cha soda. Mbuzi wa jirani alikuwa ameshatumbukia kwenye shimo la jana.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akirudi kambi ya wakimbizi na chupa zake za chai alisimama kunitazama. Nilimjua kwa sura, maana aliuza chai sokoni. Alikuwa Mtoposa wa Sudan Kusini, na lugha yake na Kiturkana chetu zinasikilizana vizuri, ila maneno machache ambayo kwao ni ya heshima na kwetu yanachekesha. Tukasalimiana ejok, kisha akauliza kwa upole, "Dada, unamzika nani?"

Nikamwambia mashine imesema kitu kiko hapa.

"Imesema kiko karibu," akajibu. "Hapa ni wapi, hiyo ni kazi yako."

Kumbe kwao alikuwa ametafuta dhahabu miaka mingi, na mashine ya shemeji zake aliishika yeye, kwa sababu wao hawakuwa na subira. Akaweka chupa chini, akanionyesha. Unapitisha sahani kushoto na kulia, polepole, na pale inapolia kwa nguvu zaidi unachora mstari kwa kidole cha mguu. Kisha unasimama upande wa pili, unapitisha tena, unachora mwingine. Mistari inapokatana, ndipo penyewe. Kitu kikubwa hulia eneo zima, kwa hiyo unainua sahani kidogo kidogo mpaka sauti ibaki katikati tu. Na huchimbi juu yake, unachimba ubavuni, usije ukakiharibu.

Tukawa tunakutana pale jioni. Nikigeuka nyuma, yeye anafukia msumari, au kijiko, au sarafu. Shimo langu likizidi upana wa kikombe, alilifukia na kuniambia nianze upya. Mimi nikamshonea gauni la kanisani. Akasema mikono inabana, nikafumua.

Kisha mvua ikanyesha milimani, laga ikajaa, ikapasua bomba la maji la mtaa wetu. Bomba la pili lilikuwepo, lakini valvu ya kulifungulia ilikuwa chini ya kifuniko cha chuma, na mafuriko yalikuwa yamekifukia na kuondoka na nguzo iliyokuwa alama yake. Fundi wa maji na vijana wake walichimba siku mbili bila kukiona. Ndoo zikapangwa foleni bomba likiwa kavu.

Nilimwomba rafiki yangu aende yeye. Akaniwekea mashine mikononi, akasema yeye ana chai ya kuuza.

Nilianza mbele ya watu wote. Mashine ikalia, fundi akachimba, akatoa bati la paa lililosombwa na maji. Watu wakacheka. Fundi, mzee mstaarabu sana, aliniambia asante mama, inatosha. Nilitaka kweli kuondoka. Nikamtazama rafiki yangu pale ukingoni. Alikuwa akimimina chai, hata hakuinua uso. Ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa nimeinua sahani hata mara moja. Aibu ilikuwa imenifanya niharakishe.

Nikamwomba fundi anipe muda kidogo. Nikapita eneo lile upya, taratibu, hatua kadhaa upande wa juu wa laga kutoka pale walipokuwa wakichimba. Sauti ikaja, pana kama ya bati. Nikainua sahani, ikapungua. Nikainua tena, ikabaki sehemu moja. Nikachora mstari, nikazunguka, nikachora wa pili.

"Chimba hapa pembeni," nikamwambia fundi. "Usipige katikati."

Alichimba mpaka mkono wake ukazama begani. Akapapasa huko chini. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Ni chenyewe."

Alasiri ile maji yalitoka, kwanza ya kahawia, halafu safi. Rafiki yangu alikuja na mitungi yake, akatazama shimo, akasema si baya, ila nimeinamisha mgongo vibaya na kesho utaniuma. Uliuma siku tatu. Mama aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akaniuliza kama naweza kumtafutia hereni iliyompotea uani tangu Krismasi. Nikaenda naye, tope likiwa bado miguuni.