Manjano Iliyoisha Kabla Watoto Hawajafika

Nilianza kazi Agosti 2015, katika kituo cha watoto wadogo huko Troyeville, mtaa wa Johannesburg. Nilikuwa na miaka kumi na minane na cheti cha shule ya msingi kutoka Lubumbashi. Mkuu wa kituo, tuliyemwita Mama Mkuu, Mtanzania aliyemfuata mumewe huko, alinipokea mlangoni.

"Mwezi mmoja wa majaribio," alisema. "Kuosha brashi kila mtu anaweza. Mimi nataka mtu wa kuongea na watoto. Ukinyamaza hivi mpaka mwezi uishe, nitatafuta mwingine."

"Ndiyo, Mama," nilijibu.

Alinifundisha kazi. Tulitumia rangi ya unga. Tuliikoroga kwa uji mwembamba wa wanga ili isichuruzike kwenye karatasi, tukaongeza tone la sabuni ya vyombo ili itoke kwenye nguo. Watoto wa miaka mitatu walipewa brashi nene, kwa sababu bado hushika kwa ngumi.

Huko baridi huisha mwanzoni mwa Septemba, miti huanza kuchipua, na watoto huja wamevaa maua kusherehekea. Mwezi wangu ulikuwa unaisha wiki hiyo. Asubuhi niliambiwa nikoroge kijani cha majani, na manjano itakayobaki iwe ya maua. Nilimimina buluu kwanza, kisha manjano. Ikabaki buluu. Nikaongeza manjano, nikaongeza tena. Niliona aibu kwenda kuuliza, basi nikaendelea mpaka kopo la manjano likawa tupu.

Mama Mkuu akaingia. "Manjano iko wapi?"

"Imeisha, Mama."

"We Mkongo, umeinywa?" Akatazama ndoo iliyojaa kijani. "Rangi nzito kama buluu ndiyo hutiwa ndani ya nyepesi, tone kwa tone. Wewe umefanya kinyume. Kwa nini hukuniuliza?"

Nikalikung'uta kopo tupu juu ya ndoo.

"Haya, watoto hao wanaingia. Waambie mwenyewe."

Walikuwa kumi na wawili, wasemao Kizulu na Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa kidogo. Nikasema manjano imeisha, na aliyeimaliza ni mimi.

"Yote, Ticha?" akauliza msichana mmoja mwenye ua sikioni. "Eish!"

Wakacheka. Nami nikacheka. Nikatia rangi nyeupe kwenye sahani, nikampa yule msichana brashi yenye nyekundu. "Tone moja," nikasema. Akadondosha, akakoroga, ikawa rangi ya waridi. Wakapiga kelele, kila mmoja akitaka sahani yake. "Tone moja!" nilirudia kwa sauti kubwa, maana wawili walikuwa tayari wanamimina. Ng'ambo ya ukuta mti wa pichi wa jirani ulikuwa umechanua rangi hiyohiyo, basi tukachora huo, na majani mengi sana.

Mchana Mama Mkuu alisema, "Nimekusikia mpaka jikoni. Jumatatu uje saa moja."

Nilifanya kazi hiyo miaka minne, miwili ya mwisho katika tawi la Randburg, chini ya msimamizi aliyepima unga wa rangi kwa kijiko kama dawa. Kituo kilipofungwa 2019, niliingia kwenye ushonaji. Bado siongei sana. Lakini nikikosea kukata kitambaa, namwambia mwenye nguo siku hiyohiyo.