Enanga Iliporudi Kayanga

Nyumba yetu ya Kayanga ilinukia nyasi mbichi. Mama alizitandaza upya sakafuni kila Jumamosi, na harufu yake ikachanganyika na moshi wa ndizi zilizokuwa zikiiva jikoni, hata nikilala mchana nilidhani nimo malishoni. Ndani ya harufu hiyo ndimo alimoingia shangazi Kokugonza, dada mkubwa wa baba, kiangazi kile alichofiwa na mumewe. Alikuja na mkeka wake na enanga ya babu: ubao mrefu uliochimbwa mfano wa sinia, na uzi mmoja wa mshipa wa ng'ombe uliopitishwa juu yake huku na huku. Miaka hiyo ya hamsini enanga ilikuwa imenyamaza mjini kwetu. Wapigaji wazee walikuwa wamekufa, na vijana walijazana dukani kusikiliza santuri.

Baba alikuwa mwalimu wa Injili wa Kilutheri. Alipoiona enanga aliinamisha uso. "Dada, hicho ni chombo cha vilabuni," alisema. Shangazi akamjibu taratibu, "Mdogo wangu, pombe imo kibuyuni, haimo kwenye uzi." Baba hakumfukuza, ila alimkataza kupiga ndani. Basi akawa anapiga migombani, nami binti wa miaka minane nikimwegemea kiunoni, sauti ile ya kurudiarudia ikinipitia mgongoni kama maji ya uvuguvugu. Aliimba majina ya vilima, ya ng'ombe, ya watu wa ukoo wetu waliokwisha kufa, nami nikawaona wakipita polepole kati ya migomba. Alasiri moja uzi ukakatika, na kwa kuwa ulikuwa mmoja tu, enanga nzima ikalegea. Shangazi aliukusanya kiganjani. "Usipopatikana mwingine, baba yangu atakuwa amekufa mara ya pili," alisema.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tulikwenda kwa miguu hadi nyika za Kihanga, kwa wafugaji, nyasi zikiwa za rangi ya asali na ng'ombe wenye pembe ndefu wakielea ndani ya vumbi kama ndoto. Mzee Kamugisha, mwenye boma, alipokea shikamoo ya shangazi, akasikiliza haja yake. "Mshipa ninao," alisema. "Lakini nilikuwa na ng'ombe wangu Bihogo, amekufa. Mwimbie, binti zangu wasikie." Shangazi hakuwa na chombo. Alifumba macho akaimba kwa mdomo mtupu, akipiga goti kwa kiganja. Mzee aligeuza uso kutazama nyika, na binti zake wakaacha kukamua.

Siku ya soko shangazi aliketi hadharani na uzi mpya. Baba alikuja na mzee wa kanisa, uso umekunjamana, nikajua amekuja kumnyamazisha dada yake. Wauza maharage waliacha kunadi, vijana wa dukani wakatoka. Shangazi alimwona, hakuacha. Alifika penye jina la babu. Baba alivua kofia, akasimama, kisha nikasikia sauti yake, ndogo na yenye kukwaruza, ikiitikia kibwagizo alichojifunza utotoni. Mzee wa kanisa alimtazama, kisha naye akaitikia. Kabla ya msimu wa mvua kuanza, watu walikuwa wameshusha darini enanga za wazee wao, na baba akawapa uwanja wa shule wafanyie mazoezi.

Leo Kayanga ina stendi, bodaboda na spika zinazoshindana kutwa. Mjukuu wangu na wenzake hupiga enanga katika ukumbi mdogo karibu na ofisi za wilaya. Siku zile soko zima lilimsikiliza shangazi; sasa viti vingi hubaki vitupu. Juzi, baada ya wimbo wa mwisho, aliniuliza kama kuna haja ya kuendelea. Nilimwambia kwamba pale migombani, mwanzoni kabisa, shangazi alikuwa na msikilizaji mmoja tu, na msikilizaji huyo mara nyingi alikuwa amesinzia.