Ua Lililotoka Mwezi wa Kwanza

Tulikuwa watu watano. Mimi mwenyewe. Mume wangu, fundi wa karakana ya reli, ambaye kwa kazi yake tulipewa nyumba pale Makongeni, Nairobi. Mama yake mzazi, aliyeletwa kutoka kwetu magharibi ili atibiwe. Binti yetu wa pili, aliyekuwa sekondari na aliyelala kitanda kimoja na nyanya yake. Na jirani wa mlango wa pili, muuza mitumba kutoka upande wa Murang'a. Huyo hakuwa ndugu, lakini tulitumia mfereji mmoja na kamba moja ya nguo, na mkikaa hivyo miaka kumi mmeshakuwa ndugu, mtake msitake. Majina yao yote ninayo, ya ubatizo na ya kuzaliwa. Siyaandiki. Aliyekosa ni mimi, na sitaki jina la mtu likae kando ya kosa langu.

Mama mkwe ndiye aliyetuletea lile ua, zamani, alipokuja kututembelea mara ya kwanza. Lilikuja likiwa kitunguu kikavu, amekifunga katika pembe ya leso. Nilikipanda kando ya kizingiti nikakizungushia mawe ili watoto wasikikanyage. Karibu mwaka mzima huoni kitu hapo, udongo tu. Halafu siku chache baada ya mvua ya masika kuanza, kikonyo kinapasua ardhi, na juu yake ua jekundu la duara, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Majani hufuata baadaye. Kwao wanawake hawakuwa wakitazama kalenda. Ua hilo likitoka, kila mwanamke anachukua jembe na mbegu.

Mama aliletwa kutibiwa mwezi wa nane, miguu imevimba na pumzi fupi. Daktari alisema ni moyo. Dawa zilimsaidia kidogo, akawa anakaa kwenye kigoda mlangoni akichambua mboga, lakini tangu siku ya kwanza alituwekea sharti.

"Ua likitoka, mnipeleke nikapande."

"Mama, utapona kwanza," mume wangu alisema.

"Nipone nisipone. Nyumba ya reli haina kaburi."

Hapo alimaliza maneno. Sote tulielewa. Hakutaka kufia mjini na kurudishwa ndani ya sanduku kama mzigo. Alitaka kufika akiwa anaona njia.

Sisemi alikuwa mtu wa huzuni, la. Binti yetu akitoka shule alimsalimia nyanya yake kwa lugha yao ya mtaani: "Shosho, niaje?"

"Hiyo ni salamu ama unafukuza kuku?"

"Sema poa, Shosho."

"Poa ni uji uliosahaulika mezani. Njoo unikande miguu."

Basi mwaka huo ndio ikaja ile mvua ambayo redio ilikuwa ikiiita Elinino. Ilianza mwezi wa kumi na haikujua kuondoka. Krismasi ilinyesha. Mwezi wa kwanza, ambao Nairobi huwa ni vumbi na jua la kupasua midomo, ulinyesha. Kuta zetu ziliota ukungu, nguo zikanuka, makaa hayakushika moto. Mimea nayo ikachanganyikiwa. Mparachichi wa nyuma ya vyoo ulitoa maua huku bado una matunda. Maboga yangu yalichanua manjano matupu, yakaoza bila kufunga hata boga moja.

Wakati huo mume wangu alikuwa mbali. Maji yalikuwa yameng'oa reli sehemu za huko chini, kuelekea pwani, na yeye na wenzake walipelekwa kuitengeneza. Barabara ya kwetu nayo ilikuwa imekatika. Watu walisimulia mabasi yaliyolala njiani siku mbili, abiria wakibebwa mgongoni kuvuka matope. Kabla hajaondoka mume wangu aliniambia, "Chunga Mama asianze safari. Hawezi kufika."

Asubuhi moja, nikienda mferejini, nikaliona. Kikonyo kilikuwa kimeshasimama, na ua limeanza kufunguka, jekundu, katikati ya mwezi wa kwanza.

Nilisimama na ndoo tupu. Nilijua hasa kitakachotokea. Mama atatoka na kigoda chake, ataliona, ataniambia nifunge nguo zake. Na mama huyo akishasema hakuna wa kumzuia, labda mwanawe, na mwanawe hayupo. Nikamwona ndani ya basi lililokwama, pumzi ikimwisha katikati ya watu asiowajua. Nikarudi ndani, nikachukua kisu cha mboga, nikalikata.

Jirani alikuwa anaanika shuka, amechungulia kati ya nguo. "Wewe! Si hilo ni ua la Shosho?"

"Limekosea mwezi."

"Kwa hiyo unalichinja?"

"Nyamaza, tafadhali. Atasikia."

Alilitazama ua mkononi mwangu, akatikisa kichwa. Halafu akanipa gazeti nilifungie, nalo nikalizika ndani ya pipa la taka. Hakulitaja tena, na nilimshukuru kwa hilo, ingawa leo naona afadhali angenipigia kelele.

Mwezi wa pili majani yakatoka. Mama aliyaona, akainama kwenye kigoda akayashika moja moja.

"Mke wa mwanangu, majani haya yamekuja bila ua."

"Mvua imeharibu kila kitu, Mama. Ua litakuja."

Akaniamini. Aliyashika tena kidogo, akarudi kwenye mboga zake. Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini mwanamke aliyeolewa hamwambii mama mkwe wake, "Nilikudanganya, na kisu ni hiki." Niliona aibu, nikajiambia ni heshima.

Mwezi wa tatu mume wangu alirudi. Barabara ilikuwa imezibwazibwa mashimo, mabasi yanafika. Akaomba livu kazini, akatuletea habari akiwa na furaha. "Mama, tunakwenda Jumamosi."

Mama akatazama kwenye mawe. "Ua halijatoka."

"Mama, watu wanapanda tayari."

"Wanaopanda kabla ya ua wanalisha ndege. Nimengoja tangu mwezi wa nane, nitashindwa wiki mbili? Ngoja."

Mume wangu akanigeukia. "Mwambie basi, wewe anakusikia."

Nilikuwa nashona kifungo cha sare ya binti yetu. Nilitazama kifungo. Nikasema, "Tungoje kidogo, kama anavyotaka."

Ndilo neno nililosema. Nimelirudia kichwani miaka yote hii na halijawahi kuwa lingine.

Tukangoja. Kila asubuhi alikuwa akimtuma mjukuu wake aangalie kabla ya kwenda shule. "Bado, Shosho." Kesho yake, "Bado." Livu ya mume wangu ikaisha. Mwezi wa nne miguu ikavimba tena hadi magoti, na hakutoka tena kukaa mlangoni. Alifariki asubuhi ya saa nne, nikiwa ninamkorogea uji. Alirudi nyumbani kama alivyokataa kurudi, ndani ya sanduku, juu ya pikapu, turubai likipigwa na mvua.

Baada ya mazishi nilikaa na dada mdogo wa Mama kwenye baraza. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Nikamwuliza, nikijifanya sina neno, kama kwao ua lilitoka mwaka huo.

"Lilitoka mwezi wa kwanza," akasema. "Tukalicheka."

"Hamkupanda?"

"Tupande mwezi wa kwanza, sisi wazimu? Lilifanya hivyo hivyo ile mvua kubwa kabla ya Uhuru. Marehemu ndiye aliyetufundisha: ua likikosea mwezi, mwaka huo usilingoje tena, hesabu mwezi. Yeye angeliona tu angejua."

Angeliona tu. Asingefunga nguo, asingepanda basi. Angecheka pale kwenye kigoda chake, na mwezi wa tatu, Jumamosi ile, angekwenda na mwanawe akiona njia.

Mume wangu naye amekufa bila kujua. Nyumba tuliiachia reli alipostaafu, na kile kitunguu nilikifukua nikakizika juu ya kaburi la Mama. Ua hutoka karibu kila mwaka. Siku hizi silikaribii nikiwa na kisu, hata kama ninatoka kuchuma mboga.

Huenda mahali fulani nimechanganya mambo. Huenda jirani alikuwa anaanika blanketi, si shuka, na binti yangu anasema sare ilikuwa na zipu, haikuwa na vifungo. Aliyekuwapo na anakumbuka vingine anisahihishe, nitafuta niandike upya, sitakasirika. Na kama kuna aliyewahi kumsikia Mama akisema kwamba alijua ua lilikatwa, aniambie hilo kwanza kabla ya mengine.