Krisma ya Ndimu

Nilisikia harufu ya ndimu kabla sijageuka. Ninatengeneza sabuni na losheni hapa Kayanga, na juzi mwenzangu wa kazi alikuwa amefungua chupa ya mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda ya ndimu, yuko tayari kuyamimina kwenye losheni. Nikamshika mkono. "Hayo tia kwenye sabuni, inasuuzwa. Losheni inabaki mwilini na mtu anatoka nayo juani. Chukua yale yaliyopatikana kwa mvuke." Akaniuliza chuo gani kilinifundisha. Nikacheka. Nilifundishwa na ngozi ya mdogo wangu, nikiwa na miaka kumi na moja.

Tulikaa Ihembe, na mwaka ule nilikuwa najiandaa kupata Kipaimara. Katekista alitueleza kwamba askofu angetupaka krisma, mafuta yanayonukia, kwenye paji la uso. Mimi nilibaki na hilo neno moja tu: yanayonukia. Kwetu tulijipaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu yoyote, na niliona aibu kwenda mbele ya askofu hivyo hivyo. Nyuma ya jiko kulikuwa na mndimu. Nilishagundua kwamba ukiminya ganda lake karibu na moto linatema cheche, kwa hiyo nilijua ndani yake mna kitu.

Asubuhi moja mama alianika kahawa uani akatuachia mimi na Neema, mdogo wangu wa miaka minne, tufukuze kuku. Nikatwanga maganda mengi pamoja na maji ya ndimu, nikayachanganya na mafuta ya mgando. Kisha nikawa askofu. Nilimchora Neema msalaba kwenye paji la uso, naye akaitikia "Amina" kwa sauti kubwa hadi kuku wakakimbia. Akataka tena. Nikampaka mikononi na shingoni kwa vidole vyangu vyote, nami nikajipaka mikononi. Tukakaa juani mpaka alasiri, tukinukia kuliko bibi harusi.

Jioni Dada Daforoza alimwogesha Neema kama kawaida. Alikuwa mwanamke aliyetoka Burundi peke yake, akitusaidia kupalilia migomba na kazi za nyumbani, na Neema alimpenda kuliko sisi wote.

Kesho yake Neema alilalamika kwamba anawashwa. Siku iliyofuata asubuhi mama alimfunua shuka, akapiga kelele. Shingoni na mikononi kulikuwa na alama nyekundu za vidole, zimeanza kufanya malengelenge, kama mtu aliyeshikwa na mikono ya moto. Kwenye paji la uso, msalaba.

"Daforoza!" mama aliita. "Mtoto umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu, mama. Maji yalikuwa ya vuguvugu, niliyajaribu mwenyewe."

"Na msalaba huu? Ni maji yamechora?"

Daforoza akainama kuutazama ule msalaba. Jibu nilikuwa nalo mimi, nyuma ya mlango, nimevaa sweta kuficha mikono yangu iliyokuwa imeiva vilevile. Nilidhani nimefanya dhambi kwa kuigiza sakramenti, na kwamba Mungu ndiye aliyetuchoma. Ningeanzia wapi kulisema hilo?

Mama alisema tunakwenda zahanati, na tukitoka huko ni kwa mwenyekiti wa kijiji. Akataka kumbeba Neema, Neema akagoma, akamng'ang'ania Daforoza. Basi mtuhumiwa ndiye aliyembeba mgonjwa njia nzima. Mama alitangulia bila kugeuka. Mimi nilikuwa nyuma, natokwa jasho ndani ya sweta.

Nesi alimtazama Neema, akafuatisha zile alama kwa kidole.

"Hivi vidole ni vidogo," alisema. Akanigeukia. "Na wewe, binti, sweta ya nini na jua hili?"

Nikaanza kulia kabla sijaivua. "Shikamoo," nilisema, kwa sababu sikujua niseme nini kwanza, kisha yote yakamwagika: askofu, krisma, ndimu, kuku. "Dada Daforoza hakufanya kitu. Ni mimi. Mungu ametuchoma."

Nesi alicheka mpaka akajishika kiunoni. "Si Mungu, mwanangu. Ni ndimu na jua. Mafuta ya ganda yakikaa kwenye ngozi, jua likapiga, panaungua. Malengelenge yatakauka. Madoa yatabaki miezi kadhaa, halafu yataondoka."

Nilihisi kama nimetuliwa mkungu wa ndizi kichwani. Nilijiandaa kupigwa, lakini mama hakuwa ananitazama mimi. Alimtazama Daforoza, kisha akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya zahanati, kama anavyomsalimu mkwe.

"Nisamehe, dada yangu."

"Inuka, mama," Daforoza alisema. "Mtoto atapona. Basi."

Tulipokuwa tunarudi, mama ndiye aliyembeba Neema. Hatukufika mbali, Daforoza akaketi ghafla kando ya barabara, kwenye majani, akasema tumsubiri kidogo. Nilikaa jirani naye, na kwa vile nilikuwa na furaha nikamwambia asijali, mama hakunichapa.

"Vizuri, Koku," alisema, akanipapasa kichwa. "Vizuri sana."

Nilidhani amechoka kubeba mtoto. Imenichukua miaka mingi, mpaka nilipokuwa na nyumba yangu na mtu wa kunisaidia, kuelewa kwamba siku ile mimi nilikuwa nimeponea fimbo, lakini yeye, mgeni asiye na ndugu kijijini wa kumsemea, alikuwa ametembea njia nzima akiamini kwamba kwa mwenyekiti atakamatwa na hatarudi, huku amembeba mtoto vizuri asimguse penye vidonda.