Kabati la Gemu Sebuleni kwa Juliana

Jailos Kalinga, fundi redio wa Ipogolo, alikuwa mtu wa kujisifu, na siku hiyo alikuwa na sababu. Alikuwa amenunua kabati kuukuu la gemu, yale ya kusimama mbele yake na kukamata mikono ya chuma, kutoka hoteli moja iliyofungwa. Mashine ya ndani ilishakufa, ila kioo kilikuwa kizima. Akalichokonoa wee, akaunganisha pleistesheni ya nyumbani kwenye kioo kile na vyuma vyake, na gemu likacheza. Asubuhi hiyo vijana wakambebea kabati hadi sebuleni kwake, ambako mkewe, Juliana, alitaka kufungua chumba cha gemu.

Mchana, akiwa kibandani kwake, akampigia Lugano, mwalimu wake wa ufundi kule Mbeya, ili amwage sifa.

"Shikamoo mwalimu. Kabati limekubali!"

"Marahaba. Ile transfoma nzito ya chini umeirudisha?"

"Aa, nimeitoa. Kioo kinawaka bila hiyo, tena kabati limekuwa jepesi."

"Jailos, ile kazi yake ni kutenga umeme wa ukutani na vyuma. Sasa hivi vyuma vyote vina umeme. Ulipojaribu hukupigwa?"

"Hata kidogo."

"Miguuni ulivaa nini?"

Jailos akatazama chini. Makatambuga ya tairi la lori, ambayo kazini hayavui kamwe. Mpira mtupu, usiopitisha umeme.

Ndipo alipoikumbuka sakafu ya mkewe. Juliana na saruji yake nyekundu! Hakuna mgeni, awe mchungaji au mjumbe, aliyewahi kuikanyaga na viatu, na kila mchana lazima aipige deki. Na shule zilikuwa zimefungwa, watoto wa mtaa mzima walikuwa wakiisubiri siku hiyo.

Alitoka mbio, kibanda akakiacha wazi. Alimpigia Juliana huku anakimbia, simu haikupokelewa. Kila kelele aliyoisikia mbele aliidhani ni kilio cha msiba.

Alifika mlangoni. Malapa ya watoto yalikuwa yamepangwa kwa adabu, na ya kwanza kabisa yalikuwa ya Tumpe, binti yake.

Aliivamia swichi kuu pale ukutani nje, akaishusha.

"Aaah! LUKU imeisha!" watoto wakapiga kelele.

Aliingia. Sakafu ilikuwa bado mbichi kwa deki. Watoto walikuwa wamejazana kwenye makochi, miguu juu, wakingoja zamu. Kwenye kabati alikuwepo Tumpe peke yake, amesimama juu ya kigoda kikavu cha mbao cha jikoni kwa sababu alikuwa hafikii.

"Baba, ndiyo kwanza nimeanza! Halafu hiki chuma kinatekenya. Nilikuwa nataka kushuka nimwite mama."

Jailos alimnyakua, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

"Wewe baba Tumpe," Juliana akasema, akitokea jikoni na ndoo yake, "unanikanyagia deki na makatambuga? Vua!"

Alivua, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kubisha. Ubaridi wa maji ukamwingia nyayoni, na hapo ndipo alipoanza kulia.