Kinyozi Aliyesikiliza Hukumu

Kinyozi alipokuja kupanga chumba changu cha mbele, nilimtajia kodi, naye akanitajia hukumu: mahakama imekataza kupandisha kodi kabla mkataba haujaisha. Nikajua nimepata mpangaji mwenye mdomo. Kila redio iliposoma uamuzi wa mahakama, aliinua wembe akasikiliza hadi mwisho, mteja akingoja na povu mashavuni. Kisha aliufuta wembe kwenye taulo la begani na kutoa yake: “Jaji huyu kapika bila chumvi.” Siku moja, nikiwa kitini nimenyolewa shavu moja, mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu yake ile ya kodi. Jenereta la jirani lilinguruma, sikusikia vizuri. Yeye alisikia, na alijua kodi ikipanda chumba hatakiweza. Akainua wembe, akaongeza sauti ya redio.

“Unajichongea, ndugu yangu,” nikamwambia.

“Uamuzi mbovu, tajiri, lakini ndio uamuzi. Tulia nisikukate.”

Mwezi uliofuata nilipandisha kodi. Akahamia ng'ambo ya barabara, wateja wakamfuata. Chumba nimempa muuza simu, analipa vizuri. Ndevu najinyoa mwenyewe, na kila wiki najikata.